Gazeti Lililosomwa kwa Kidole

Elinami tulimzika kijijini kwao Suji, siku ya upepo uliolitikisa turubai juu ya vichwa vyetu, na wasifu wa marehemu uliosomwa kabla ya sala ulikuwa na makosa. Mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya, alisoma kwamba marehemu alianzisha gazeti la kwanza katika milima hii, kwamba kwa kalamu yake aliokoa kijiji kizima, na kwamba inasemekana hata wakubwa wa serikali walipanda kuja kumpa mkono. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, fimbo katikati ya magoti. Inasemekana na nani? Gazeti lile lilikuwapo kabla Elinami hajakanyaga shule yetu. Toleo analolizungumzia kijana halikuandikwa kwa mkono wa Elinami. Na mkubwa pekee aliyetupa mkono alitupa ofisini kwake, tena akiwa amekaa. Sikusimama kumsahihisha mtu mbele ya jeneza. Nilingoja watu walipokuwa wanakula, nikamwita kando. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza habari zile alizitoa wapi. "Ndivyo tulivyosikia, babu," akasema, sahani ya wali mkononi. Nilimwambia kwamba mimi nitaandika nilichokiona. Naandika sasa, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Habari za wazazi wangu na za mashamba ya mkonge nilikotoka hazina nafasi katika sura hii. Inatosha kusema kwamba nilifika katika shule ile ya milimani, Upare ya Kusini, nikiwa mgeni, sijui neno la Chasu, lugha ya Wapare, na wenzangu waliniita Mtoto wa Mkonge mpaka nilipomaliza. Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kidato cha tatu, miaka michache baada ya nchi kutangaza Ujamaa na Kujitegemea, nilipochaguliwa kuwa mhariri wa gazeti la ukutani. Ofisi yetu ilikuwa nusu ya stoo ya majembe. Ilinukia udongo mbichi, mafuta ya taa na unga wa mahindi uliovuja kutoka upande wa pili, wa jikoni. Kulikuwa na meza moja yenye mguu mfupi, karatasi kubwa za manila zilizoviringishwa kama mikeka, chupa ya wino mweusi, na Elinami. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko. Mimi nilitunga, yeye alinakili kwa brashi ndogo, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na kila herufi yake ilisimama wima kama askari wa gwaride. Tulikula makande yetu humo humo, bakuli juu ya magoti, tukibishana juu ya vichwa vya habari. Nakala moja tuliibandika ukumbini. Ya pili tuliichukua hadi kijiji cha Ndolwe, mwendo mfupi chini ya shule, tukaibandika kwenye ukuta wa ghala la ushirika, mahali ambapo alasiri wanafunzi wakubwa walifundisha darasa la kisomo cha watu wazima. Mwalimu Hosea, mwalimu wetu wa Kiswahili na mlezi wa gazeti, ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema gazeti linalosomwa na walioliandika tu ni kioo.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali, na ndiva ya Ndolwe ikabomoka. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa ubavuni mwa mlima na watu wa zamani. Kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka kwenye mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Niliuona ukuta ule siku iliyofuata. Ulikuwa umepasuka katikati, na tope lilikuwa limetapakaa mpaka kwenye migomba. Mvua zilipokuwa bado zinanyesha hakuna aliyehangaika sana. Lakini kila mtu alijua kwamba kiangazi kingekuja, na mahindi ya mfereji, ambayo ndiyo yaliyovusha nyumba za Ndolwe, yangekauka yakiwa bado hayajatoa mbelewele. Shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, lile ambalo maji hulifikia yakiwa yamechoka, lilikuwa la Mama Nakijwa, shangazi yake Elinami, mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wa darasa la kisomo.

Upareni kazi ya wote huitwa msaragambo, na huitwa kwa pembe. Mzee Kajiru, mwangalizi wa ndiva, alisimama ukingoni asubuhi moja akapiga pembe, sauti ikazunguka bonde lote na kurudi. Nilikuwapo, nimetumwa na Mwalimu Hosea kuandika habari. Alikuja mke wake Mzee Kajiru na jembe. Akaja Mama Nakijwa. Akaja fundi cherehani mmoja ambaye, nilivyoelewa baadaye, alikuwa anapita tu. Mzee akapiga tena, akangoja, kisha akaifuta pembe kwa kanzu yake, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. "Wamesikia," akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. "Pembe hii inasikika hadi ng'ambo. Wamesikia."

Nilikuwa kijana, na kijana mwenye kalamu akiona watu hawaji hudhani hawajaambiwa vizuri. Nikatunga shairi. Siku zile ngonjera zilikuwa zimeshika nchi, na hapakuwa na mkutano bila vijana kupanda jukwaani kutupiana beti. Langu lilianza, *Ndiva yetu mama mwema, maziwa yako ni maji*, na vina vyake havikuwa na ila. Ningeweza kuvitetea hata leo. Tulilighani mbele ya ghala, watu wakapiga makofi, bibi mmoja akatuletea ndizi. Mzee Kajiru akapiga pembe Jumamosi iliyofuata, wakaja walewale, pungufu ya fundi cherehani. "Shairi zuri," Mama Nakijwa aliniambia, akijitwika kikapu chake. "Ila maziwa mimi huyakamua kwa ng'ombe."

Basi nikajaribu sauti nyingine. Redio ya shule ilikuwa chumbani kwa mkuu wa shule, na sisi tulisikiliza hotuba tukiwa tumesimama nje ya dirisha. Sauti ile ya mamlaka, yenye sentensi zinazopanda kama ngazi, nilikuwa nimeinywa mpaka ikanilevya. Niliandika tahariri iliyoanza hivi: "Wakati umewadia kwa wananchi wote wapenda maendeleo, wakulima kwa wafanyakazi, vijana kwa wazee, bila kujali tofauti zao za hali wala za mawazo, kwa kauli moja na moyo mkunjufu, na kwa kuzingatia wito wa Chama..." Kitenzi kilikuwa mbali sana huko chini. Elinami aliinakili kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alasiri ile niliketi nyuma ya darasa la kisomo kushuhudia ushindi wangu, na mwalimu wa zamu akamwita Mama Nakijwa asome.

Alisimama mbele ya ukuta akaweka kidole. Alisoma silabi kwa silabi, "wa-ka-ti, wakati, u-me-wa-di-a, umewadia," na kidole kikasogea kama konokono juu ya jani. Alipofika kwenye wazee alimeza mate. Alipofika kwenye kauli moja alivuta pumzi, akageuza shingo, akautazama mstari wote uliobaki, kisha akanigeukia mimi nyuma kule. "Mwanangu, huyu mtu anataka tufanye nini? Niambie tu, nirudi kukaa. Mguu unaniuma." Darasa likacheka mpaka mwenye ghala akachungulia. Mimi sikucheka. Lakini nilipokuwa napanda mlima kurudi shuleni, Elinami akiniigiza njia nzima, "wananchi wote, fyuu, wapenda maendeleo, fyuu," niliona jambo ambalo mwalimu yeyote angeweza kuniambia nisimsikilize: kwamba nilikuwa nimeandika kwa ajili ya mtu anayesikia sauti, na msomaji wangu alikuwa anatafuta neno.

Jumapili baada ya ibada Mama Nakijwa alitukaribisha kwake. Jiko lake lilikuwa chumba cha giza chenye moshi mtamu, mbuzi wawili nyuma ya ubao, chungu cha makande mafigani. Wageni walikuwa wengi na walizungumza Chasu. Elinami alinitafsiria, akiongeza chumvi kama kawaida yake, mpaka nikamwambia aseme walichosema, asiseme ambacho wangesema kama wangekuwa yeye. Ndipo nikajua. Watu hawakukosa ari wala hawakukosa shairi. Walikuwa wamesikia kwamba watu wote wa milimani watahamishiwa kijiji kipya bondeni, kando ya barabara kuu, na kwamba yeyote atakayebeba jiwe la ndiva ataandikwa jina kuwa anapinga. "Nani kasema?" nikauliza. Wakanitazama kama niliyeuliza nani kaleta ukungu. "Watu," akasema mmoja. "Watu gani?" "Kijana, wewe ni polisi?" Hata hivyo balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa anakula pembeni na hakutaka kuulizwa, hatimaye alikiri kwamba alilisikia kwa shemeji yake, muuza tangawizi, na shemeji yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema yeye alilisikia Hedaru, huko chini kwenye barabara kuu, kwa utingo wa lori linalobeba tangawizi yake. Jina lake utingo? Walimwita Kamba.

Mwalimu Hosea alitupa ruhusa ya Jumamosi, na mimi na Elinami tukateremka Hedaru tukiwa na viazi vya kuchemsha mifukoni. Unapoteremka kutoka milimani hewa hubadilika kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri. Tulimkuta Kamba katika hoteli ya mabati wanakonywa chai madereva, meza zimefunikwa mifuko ya nailoni, nzi wamekaa kama wateja. Alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, anavunja andazi na kusimulia kitu kilichowachekesha wenzake. Nikajitambulisha kuwa mwandishi wa habari. "Wa gazeti gani?" "La ukutani." Meza nzima ikaangua kicheko. "Basi mimi ni dereva wa gari la ukutani," akasema Kamba, lakini akatusogezea benchi. Nikamuuliza alichokisema kwa muuza tangawizi. Alifikiri. Alisema kwamba huko nyuma, njiani, aliona watu wanabeba mawe na karani amesimama kivulini na daftari, anawaandika. Ndicho alichosema, hakuna zaidi. "Aliwaandika kwa sababu gani?" nikauliza. "Nitajuaje?" "Hukuuliza?" "Gari lilikuwa linaondoka, bwana mdogo!" Tangu siku ile, kila ninapoambiwa jambo ambalo watu wote wanalijua, huliona lori likiondoka na mtu mnene amening'inia nyuma.

Elinami alitaka turudi na habari hiyo. Mimi nilisema tumepata jinsi uvumi ulivyozaliwa, hatujapata ukweli. Mtu akionyesha kwamba kamba si nyoka, bado hajasema ni ya kufungia nini. "Pandeni basi," akasema utingo, ambaye sasa alikuwa ameanza kulifurahia jambo lenyewe. "Tunakwenda Same. Mkaulize wenyewe, mje mniambie na mimi." Tukaketi juu ya magunia, upepo wa nyika ukatukausha midomo, na milima yetu ikawa upande wa kulia, kimo kirefu, kana kwamba haikuwahi kutujua. Huko Same tuliingia ofisini kwa Katibu Tarafa, mkubwa wa serikali wa eneo letu. Alikuwa mzee mdogo mwenye miwani, alikuwa anakula chungwa, na alitungojesha mpaka akamaliza. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Nani amewatuma?" Nilimwambia hatukutumwa, tunauliza. Nadhani hilo lilimshangaza, kwa maana aliweka maganda kando. Nilimuuliza kama kuna amri inayokataza watu wa Ndolwe kujenga ndiva yao. "Ya nani?" akasema. "Mimi sijakataza. Jengeni. Mtu alime kwa mate?" Nikamuuliza kuhusu kuhama. "Sijapata maagizo," akasema. "Siwezi kukuambia watahama, wala siwezi kukuambia hawatahama." Nikamuuliza kama naweza kuandika kwamba Katibu Tarafa hajui. Elinami alinifinya chini ya meza. Mzee yule alinitazama juu ya miwani, kisha akacheka kicheko kifupi kikavu. "Andika bado hajui. Usiisahau hiyo bado." Akatupa mkono bila kusimama.

Nafika sasa kwenye kisa ambacho wasifu ulikipamba. Tulikuwa stooni, karatasi imetandazwa mezani, brashi iko mkononi mwa Elinami. "Nipe sentensi," akasema. Nikampa za kwanza. Tulipofika kwenye kuhama akaandika kwa penseli, yeye mwenyewe: Watu wa Ndolwe hawatahamishwa. Nikamuuliza nani kasema. "Mimi nasema." "Wewe ni Katibu Tarafa?" "Sikiliza, Mhariri. Ukiandika hatujui, hakuna atakayekuja. Hawa watu wanaogopa. Wape sentensi moja tu ya kusimamia. Wakishajenga, maji yameshajaa, nani atauliza?" Nilimwambia shangazi yake atauliza, siku watakapokuja kumhamisha, na siku hiyo hatakuwa na ukuta wa kusoma. Elinami aliweka brashi chini taratibu. "Wewe ni mtoto wa mkonge," akasema, na safari hii haukuwa utani. "Shamba huna. Mfereji huna. Mahindi ya shangazi yangu yakikauka, wewe utakula makande ya shule na kuusifu ukweli wako." Akatoka. Alichosema kilikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Nilifuta ile sentensi ya penseli, nikaandika toleo lile kwa mkono wangu, herufi zinainama kila upande. Wino ulipokuwa unakauka alirudi na kopo la gundi ya uji wa unga. Akalitazama toleo langu. "Kuku amepita hapa," akasema. Akabeba ncha moja ya karatasi, mimi nikabeba nyingine, tukateremka Ndolwe.

Ghala lilijaa alasiri ile. Habari kwamba tulikwenda Same ilikuwa imetutangulia. Mwalimu wa zamu alitaka kusoma yeye, lakini Mama Nakijwa alikuwa ameshasimama, kidole juu ya ukuta. Alisoma hivi, na naliweka hapa lote kwa sababu lilikuwa fupi. Ndiva ya Ndolwe imebomoka. Watu wanasema, atakayejenga ataandikwa jina. Tulimwuliza utingo wa lori. Aliona karani anaandika majina mahali pengine. Hakuuliza kwa nini. Tulimwuliza Katibu Tarafa. Alisema, sijakataza, jengeni. Tulimwuliza, je, tutahamia bondeni? Alisema, bado sijui. Sisi pia hatujui. Hakuishiwa pumzi hata mara moja. Alipomaliza, kutoka nyuma mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Gazeti gani hili linalosema halijui! Redio haijasema hivyo hata siku moja!" Watu wakacheka, na nikamwona Elinami amekaza macho kwenye ardhi. Mama Nakijwa hakugeuka. Alirudisha kidole juu, akakitembeza polepole mpaka kikafika kwenye jengeni, akasoma tena, peke yake, kama hapakuwa na mtu. Kisha akakishusha mpaka kwenye bado sijui. "Hapa anajua," akasema. "Hapa hajui." Akakipandisha tena. "Mahindi yangu yako hapa." Kikafuata Chasu, kingi na kwa haraka, na nilipomgeukia Elinami anitafsirie alisema tu, "Wanabishana ni nani aliye na sururu." Hakuongeza chumvi yoyote.

Mpwa wake Elinami alisema gazeti liliokoa kijiji kizima. Halikuokoa. Wapo waliokaa nyumbani Jumamosi ya kujenga ndiva, na sikuwalaumu. Miaka iliyofuata baadhi ya nyumba zilihamia bondeni kweli, nyingine zilibaki, na baadhi ya waliohama walirudi. Sikuwapo, na sina haki ya kusimulia jinsi ilivyokuwa. Ninachokijua ni kwamba Mzee Kajiru alipiga pembe mara moja tu asubuhi ile yenye ukungu, na kwamba kwa muda hatukuona kitu, tukasikia kwanza vyuma, majembe yakigonga mawe ya njiani, kutoka juu na kutoka chini, kabla sura ya mtu yeyote haijatokea. Mwalimu Hosea alikunja suruali. Wanawake walipanga mstari wa mawe kutoka kijitoni, na waliponiona nimesimama na kalamu wakasema kitu kilichowachekesha sana. Sikukielewa, ila mikono iliyonyooshwa niliielewa. Elinami alikuwa mbele yangu katika mstari, akinipa mawe makubwa kwa makusudi.

Nimeandika mengi tangu hapo: ripoti, hotuba za watu wengine, vitabu viwili vya shule, tanzia nyingi mno. Habari ya toleo lililofuata niliitunga jioni ile bila kukaa, na Elinami aliinakili kwa mkono wake mzuri, hakubadili neno. Ilikuwa hivi:

Jumamosi watu wa Ndolwe walijenga ndiva. Si wote walikuja. Waliokuja walikuwa wengi. Tuliwaona. Ukuta umesimama. Maji yameanza kuingia. Yatafika lini shamba la mwisho, bado hatujui. Tutakwenda kuangalia.